SOMO: ZIWA MOJA, NCHI INNE

Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia zilitia sahihi mkataba wa kulitunza Ziwa Tanganyika mwaka 2003, na mamlaka yao ya pamoja ina makao Bujumbura. Kwenye karatasi ni vizuri. Shida iko majini. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake, 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaane. Lakini ndagaa hajui mpaka. Nchi zisipofunga pamoja, mvuvi aliyeacha mtumbwi ufukweni ataona usiku taa za majirani wakivua. Ugomvi unaanzia hapo.

Tujadiliane kijijini: miezi hiyo mitatu, familia ya mvuvi itakula nini? Bila jibu, ndugu zangu, atarudi ziwani kwa siri.