Wauguzi wa Dharura na Wanawake Waliofanyiwa Ukatili

Chumba cha dharura cha hospitali hupokea watu wa kila namna: aliyegongwa na gari, aliyeumwa na nyoka, mtoto mwenye degedege. Miongoni mwao huwamo mwanamke aliyepigwa nyumbani au aliyebakwa, ambaye aghalabu hasemi hivyo. Husema ameteleza kisimani. Muuguzi ndiye humpokea kwanza, ndiye humpima mapigo ya moyo, na kwa kawaida hukaa naye kwa muda mrefu kuliko daktari. Muuguzi huyo asipokuwa tayari, jeraha litashonwa vizuri na chanzo chake kitabaki kinamngoja mgonjwa nyumbani.

Mgonjwa wa namna hii si wa nadra. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2005 uliwahoji wanawake wa nchi kadhaa, Tanzania ikiwemo. Kati ya kila wanawake 100 waliowahi kuwa na mume au mwenzi, 41 wa Dar es Salaam na 56 wa Mkoa wa Mbeya walieleza kwamba waliwahi kufanyiwa naye ukatili wa kimwili au wa kingono. Kwa hiyo muuguzi anayedai kwamba hajapata kumhudumia mwanamke wa aina hiyo huenda amewahudumia wengi bila ya kuwatambua.

Utayari unaozungumzwa hapa si huruma peke yake. Huruma ni njema, lakini haimwonyeshi mtu lipi la kutazama wala saa ngapi zimebaki.

Mifupa na maelezo

Mtu anayeanguka hunyosha mikono ili ajikinge. Uzito wa mwili huangukia kiganja na kupanda kwenye kigasha, na kwa sababu hiyo mfupa unaovunjika mara nyingi ni ule wa upande wa dole gumba, karibu na kifundo cha mkono. Mtu anayepigwa kwa fimbo hufanya kinyume: huinua kigasha mbele ya uso, na pigo hutua juu ya mfupa wa upande wa kidole cha mwisho. Mfupa huo huvunjika katikati, mahali ambapo nyama inayoufunika ni chache. Mwanafunzi anaweza kuyathibitisha hayo kwa kuinua mkono wake mwenyewe na kuupapasa.

Yafaa ieleweke kwamba mvunjiko wa aina hii si ushahidi kamili, kwani hata ajali huweza kuuleta. Muuguzi analolitafuta ni kupatana kwa maelezo na jeraha. Pale ambapo maelezo yanataja kisima na mfupa unaelekea kutaja fimbo, au pale ambapo michubuko inaelekea kuonyesha kwamba haikutokea siku moja, ipo sababu ya kuuliza zaidi.

Shingo isiyo na alama

Hatari kubwa kuliko zote huenda ndiyo isiyoonekana. Mwanamke aliyekabwa koo anaweza kufika hospitali akitembea, shingo yake ikiwa haina hata mkwaruzo. Sababu yake iko katika elimu ya mwili. Vena zinazorudisha damu kutoka kichwani hufungika kwa nguvu ndogo kuliko ile inayohitajika kuifunga ateri ya karotidi inayoipeleka. Damu huendelea kuingia bila ya kupata njia ya kutoka. Shinikizo hupanda, vijishipa vidogo vya macho na uso hupasuka, na vidoto vyekundu hutokea. Ateri nazo zikifungwa, mtu huzimia kwa muda wa sekunde 10 hivi.

Baada ya kuachiliwa, utando wa ndani ya ateri unaweza kuwa umechanika, na damu ikaganda hapo polepole. Au koo huvimba saa nyingi baadaye na kuziba njia ya hewa. Ndiyo maana muuguzi aliyefunzwa huuliza kama sauti imekwaruza, kama kumeza kunauma, kama mgonjwa alipoteza fahamu au kujikojolea. Anayejibu ndiyo harudishwi nyumbani kabla ya daktari kumchunguza. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2008, ulioongozwa na Nancy Glass, ulionyesha kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa koo na mwenzi wake alikuwa na uwezekano zaidi ya mara saba wa kuja kuuawa naye, akilinganishwa na wanawake waliopigwa bila ya kukabwa.

Swali la kukabwa limo pia katika orodha ya kupima hatari ambayo Jacquelyn Campbell, muuguzi wa Marekani, aliitunga katika miaka ya 1980. Mwanamke hupewa kwanza kalenda, naye huweka alama kwenye siku alizopigwa katika mwaka uliopita. Kisha huulizwa kama mapigo yanaongezeka, kama ametishiwa kuuawa, kama alipigwa akiwa mjamzito. Wapo wanaoshtuka wakiiona kalenda yao wenyewe imejaa.

Saa 72 na saa 120

Mwanamke aliyebakwa hukabiliwa na mashindano ya wakati. Virusi vya UKIMWI haviingii katika mwili mzima papo hapo. Hukaa kwanza mahali vilipoingilia, kisha huchukuliwa na chembe za kinga hadi kwenye tezi, ambako huzaana. Dawa zikifika mapema, maambukizi huzuiliwa kabla hayajaota mizizi. Majaribio yaliyofanywa kwa kima wa aina ya makaki na kuchapishwa mwaka 1998 yalionyesha kwamba dawa iliyoanzwa baada ya saa 24 ilikinga vizuri kuliko iliyoanzwa baada ya saa 48 au 72. Kutokana na elimu ya namna hiyo, dawa hutolewa ndani ya saa 72 na kumezwa kwa siku 28. Saa 72 ni ukomo tu. Kila saa inayopotea kabla yake ina thamani.

Dawa ya dharura ya kuzuia mimba ina nafasi ya saa 120. Levonojestreli huchelewesha yai lisitoke. Haiharibu mimba iliyokwisha kutunga, jambo ambalo baadhi ya wauguzi hulikosea na kuinyima dawa.

Tanzania Bara iko Fomu Namba 3 ya Polisi, maarufu kwa jina la PF3, ambayo mganga huijaza kwa ajili ya polisi na mahakama. Fomu ina kazi yake, lakini virusi havingoji mhuri. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani haitaki matibabu yategemee mgonjwa kwenda polisi kwanza.

Nguo zilizovaliwa huhifadhiwa katika mifuko ya karatasi, si ya plastiki. Walimu waweza kulionyesha jambo hili darasani: vipande viwili vya mkate uliolowanishwa kidogo viwekwe, kimoja katika bahasha ya karatasi na kingine katika kopo la plastiki lililofunikwa, kisha vitazamwe baada ya siku tano. Kuvu na bakteria wanaostawi penye unyevu ndio huharibu vinasaba vilivyo katika madoa.

Namna ya kuuliza

Mwaka 1974, muuguzi Ann Burgess na mwanasosholojia Lynda Holmstrom walichapisha habari za wanawake waliobakwa waliofika katika hospitali moja ya jiji la Boston. Baadhi yao walilia na kutetemeka. Wengine, idadi yao ikikaribia kuwa sawa na ya wale wa kwanza, walikuwa watulivu kabisa. Ugunduzi huu ni mkubwa kuliko unavyoonekana, kwani katika vyumba vingi vya dharura mwanamke asiyelia bado hudhaniwa kuwa anasema uongo.

Mwongozo wa mwaka 2013 wa Shirika la Afya Duniani hauagizi kila mwanamke aulizwe. Unaagiza aulizwe pale dalili zinapoelekeza huko, akiwa peke yake, na pale tu ambapo muuguzi amefunzwa, siri inalindwa, na upo msaada wa kumpeleka. Kuuliza mbele ya mume ni kumwongezea mgonjwa hatari. Muuguzi mwerevu humwambia mume angoje nje wakati mkewe akipimwa, neno ambalo ni la kweli na halimtii shaka.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Pazia si ukuta, na katika mji mdogo muuguzi anaweza kuwa jirani wa mume huyo, au yeye mwenyewe amepigwa usiku uliopita. Mafunzo ya siku moja huongeza maarifa upesi kuliko yanavyobadili mazoea. Malaysia ilijaribu kuutatua ugumu huo tangu miaka ya mwanzo ya 1990 kwa kuweka huduma zote mahali pamoja, ndani ya idara ya dharura ya hospitali kuu ya Kuala Lumpur. Zanzibar ilifungua kituo cha Mkono kwa Mkono katika Hospitali ya Mnazi Mmoja mwaka 2011, ambako daktari, mshauri na polisi hukutwa pamoja. Mwanamke haelezi habari zake mara nne kwa watu wanne.

Maswali

1. Eleza kwa kutumia mchoro kwa nini kuzibwa kwa vena za shingo huleta vidoto vyekundu machoni.

2. Mwanamke amefika hospitali saa 80 baada ya kubakwa. Ni huduma zipi zilizokwisha pita wakati wake, na zipi bado zafaa?

3. Chunguza kituo cha afya kilicho karibu na shule. Je, mgonjwa anaweza kuzungumza na muuguzi hapo bila ya kusikiwa na mtu wa tatu?