Chuo cha Mabaharia na Uendelevu Wakati wa Janga

Swali: Chuo cha ubaharia kinawezaje kuzingatia uendelevu wakati wa janga kama UVIKO-19? (Msomaji, Igogwe, Tukuyu)

Jibu: Uendelevu, yaani kuendesha shughuli za leo bila kuharibu mazingira na rasilimali za kesho, uliingia katika elimu ya ubaharia kabla ya janga, kwani tangu tarehe 1 Januari 2020 Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, linataka salfa katika mafuta ya meli isizidi asilimia 0.50, badala ya 3.50 ya awali. Machi mwaka huohuo vyuo vya Tanzania, Chuo cha Bahari Dar es Salaam kikiwemo, vilifungwa hadi Juni.

Nadharia, kama kanuni za MARPOL, mkataba wa kuzuia uchafuzi utokanao na meli, yaweza kufundishwa kwa intaneti. Kuzima moto na kujiokoa majini hakufundishiki kwa simu. Ugumu mkubwa zaidi ni mafunzo melini, kwa sababu mkataba wa STCW, unaoweka viwango vya vyeti vya mabaharia, humtaka afisa mtarajiwa awe ametumikia muda maalumu baharini, ilhali kufikia mwisho wa 2020 mabaharia wapatao 400,000 duniani walikuwa wamekwama melini, mipaka ikiwa imefungwa, na nafasi za wanafunzi zikawa finyu. Simuleta, mtambo unaoiga chumba cha kuongozea meli, hupunguza pengo hilo na, jambo lisilo dogo, haichomi mafuta ya meli. Hata hivyo haitoshi kuwa mbadala kamili wa utumishi huo, wala haimzoeshi mwanafunzi kuishi miezi kadhaa mbali na nchi kavu.