Indiketa za Lori Baada ya Kufunga Taa za LED: Kutambua Hitilafu na Kuirekebisha

Wenye malori wengi huondoa balbu za kawaida za indiketa na kufunga taa za LED, kwa kuwa taa hizo hutumia umeme kidogo na hudumu kwa muda mrefu. Hata hivyo, baada ya kazi hiyo, indiketa huweza kupepesa haraka mno, kubaki zikiwaka bila kupepesa, au kuwaka pande zote mbili kwa pamoja. Hitilafu hizi si jambo dogo, kwa maana dereva aliye nyuma ya lori lenye tela huitegemea indiketa kabla ya kuamua kulipita. Somo hili linamwezesha mlaji kutambua chanzo cha hitilafu kabla ya kulipia vifaa asivyovihitaji.

Kwa nini hitilafu hutokea

Kifaa kinachowasha na kuzima indiketa huitwa flasha. Flasha nyingi hutegemea kiasi cha umeme kinachopita katika balbu. Balbu ya kawaida ya indiketa ni ya wati 21, na katika lori la volti 24 huvuta takriban ampea 0.9. Taa ya LED huvuta sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Flasha ya kielektroniki ikipata umeme pungufu huchukulia kwamba balbu imeungua, na huongeza kasi ili kumtahadharisha dereva. Flasha ya kizamani, inayofanya kazi kwa joto, hukosa joto la kutosha, hivyo taa hubaki zikiwaka tu. Kwa kawaida indiketa inapaswa kupepesa mara 60 hadi 120 kwa dakika.

Hatua za uchunguzi

Simamisha lori mahali tambarare, zima injini na uzuie magurudumu. Kisha fuata hatua hizi:

1. Hesabu mipepeso ya kila upande kwa dakika moja. Hitilafu ikiwa upande mmoja tu, anza na taa na waya za upande huo. Ikiwa pande zote mbili, anza na flasha.

2. Rudisha balbu za awali. Mipepeso ikirejea hali ya kawaida, waya ni nzima na tatizo ni umeme mdogo unaovutwa na LED. Usikubali kutozwa gharama ya kubadilisha waya. Hitilafu ikibaki, kagua fyuzi, viungio na waya.

3. Taa isiyowaka kabisa igeuze ndani ya soketi yake, kama soketi inaruhusu. LED hupitisha umeme kwa mwelekeo mmoja tu.

4. Taa ikiwa hafifu, au ikiwaka breki inapokanyagwa, kagua ethi. Ondoa kutu na rangi mahali waya unapokutana na chuma, kisha kaza bolti.

5. Pande zote mbili zikiwaka pamoja, chunguza taa ya dashibodi. Katika baadhi ya magari, taa moja ya dashibodi huunganishwa kati ya waya wa kulia na wa kushoto. Umeme mdogo unaopita humo hauwezi kuwasha balbu ya kawaida, lakini waweza kuwasha LED. Fundi hutenganisha pande hizo kwa kufunga diodi mbili.

Ufumbuzi ulio salama

Njia bora ni kufunga flasha iliyotengenezwa kwa ajili ya LED, yenye volti na mpangilio wa pini sawa na ile ya awali. Pale ambapo mipepeso huendeshwa na kompyuta ya gari, njia hii huenda isiwezekane.

Njia ya pili ni kufunga rezista kati ya waya wa indiketa na ethi, ili umeme unaovutwa ulingane na wa balbu ya kawaida. Hapa mlaji awe mwangalifu sana. Rezista nyingi zinazouzwa ni za omu 6 na wati 50, nazo zimekusudiwa gari la volti 12, ambako huvuta wati 24. Ikifungwa katika lori la volti 24, rezista hiyohiyo huvuta wati 96, karibu mara mbili ya uwezo wake, na huweza kuyeyusha waya au kusababisha moto. Kwa balbu ya wati 21 katika volti 24, rezista ifaayo ni ya takriban omu 27. Hata iliyo sahihi hupata joto kali. Ifungwe kwenye chuma, mbali na plastiki na mafuta, na betri ikatwe kabla ya kazi kuanza.

Unaponunua

Soma volti zilizoandikwa kwenye taa, flasha na rezista. Muulize muuzaji kama taa hizo zinafaa kwa flasha uliyo nayo, na umwombe aandike jibu lake kwenye risiti. Tunza balbu za awali, kwani ndizo kipimo chako cha kwanza. Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa. Aliyeuziwa kifaa cha volti 12 kwa maelezo kwamba kinafaa volti 24 ana haki ya kulalamika kwa muuzaji, na asiporidhika, kwa Tume ya Ushindani. Risiti na kifaa chenyewe ndivyo ushahidi wake.

Kabla ya kurudi barabarani, unganisha tela, washa indiketa ya kila upande, kisha taa za hazadi, huku mtu mwingine akitazama kutoka nyuma.