Chakula Chetu na Wapogoaji wa Mwili

Baadhi ya watu husema ati chakula ni kujaza tumbo tu. Wengine huvuka mpaka na kudai ya kwamba unga fulani uliotiwa katika kopo waweza kubadili urithi wa mtu na kumponya kila maradhi. Makundi yote mawili yamekosea, nasi twawaomba wasomaji wapendwa wafuatane nasi ili waione sababu.

Kila chembe ya mwili inayo maagizo ya urithi yaitwayo jeni. Agizo linapohitajiwa hunakiliwa kwanza katika RNA mjumbe, na kwa nakala hiyo protini hutengenezwa. Mwaka 1993 wataalamu wa Marekani, Victor Ambros na Gary Ruvkun, wakichunguza mnyoo wenye urefu wa milimita moja hivi, walieleza habari za RNA ndogo mno, yenye viungo 22 hivi, ambayo hujishikiza kwenye nakala hiyo na kuizuia isitoe protini. Hiyo ndiyo maikro-RNA. Mwaka 2000 ilidhihirika kuwa binadamu naye anazo, na mwaka 2024 wataalamu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba.

Mkulima wa Bukoba au Muleba ataelewa jambo hili upesi. Katika kibanja, shina la mgomba hutoa machipukizi mengi. Yeye huacha mama, binti na mjukuu, na mengine huyaondoa. Akiyaacha yote, mikungu hudhoofika. Akiyakata yote, hakuna mavuno. Ndivyo zilivyo maikro-RNA: hazibadili mbegu, bali huamua kipi kikue na kwa kiasi gani. Zikizidi au zikipungua mno, maradhi kama saratani huweza kufuata.

Je, chakula chaweza kuwagusa wapogoaji hawa? Naam. Katika jaribio la Australia lililotangazwa mwaka 2014, watu 23 walikula nyama nyekundu kwa wingi muda wa wiki nne, na baadhi ya maikro-RNA zinazohusiana na saratani zikaongezeka katika utumbo wao. Walipokula nyama hiyo pamoja na wanga maalumu unaofikisha asidi ya butiriki katika utumbo mpana, kundi moja la maikro-RNA hizo lilirudi katika kiasi chake cha kwanza. Asidi hiyo hiyo hutengenezwa na vijidudu vya tumboni kutokana na nyuzinyuzi za maharage na mboga.

Lakini yafaa tusikimbilie mbele ya ushahidi. Watu 23 ni wachache, na kilichopimwa ni maikro-RNA, siyo kupona ugonjwa. Tena mwaka 2012 wataalamu wa Nanjing, China, waliandika ya kwamba maikro-RNA ya mchele huingia katika damu ya mlaji na kufanya kazi humo. Wengine walipojaribu mwaka 2013 hawakupata matokeo hayo. Basi mwenye kuuza kopo kwa jina la elimu hii anauza asichokuwa nacho.

Sasa tutazame sahani zetu. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha ya kwamba katika Mkoa wa Kagera, watoto 34 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Hii ni nchi ya migomba! Sababu ni nyingi, na maradhi yamo. Lakini mojawapo ni kwamba ndizi hutoa wanga kwa wingi, na protini na mafuta kidogo sana. Mtoto hushiba, hali mwili wake una njaa.

Dawa yake haiko mbali. Maharage yana protini, foleti na nyuzinyuzi. Dagaa wa Ziwa Viktoria na senene wana protini na mafuta. Mchicha na majani ya maboga huota kando ya nyumba. Ewe mzazi, unapopeleka maharage, dagaa na senene vyote sokoni, ukamwachia mtoto ndizi tupu, hesabu vema faida yako. Fedha ya leo yaweza kupatikana tena kesho. Kimo alichokosa mtoto katika miaka yake ya kwanza ni vigumu mno kukirudisha.