Jumanne: Mji Ulio Karibu Zaidi

Soma Kumbukumbu la Torati 21:1–9. Kwa nini wazee wa mji waliitwa, hali muuaji hakujulikana?

Mtu amekutwa kondeni ameuawa. Hakuna shahidi. Tungedhani shauri limeishia hapo, lakini Mungu aliagiza wazee na waamuzi wapime umbali hadi miji ya kandokando. Wazee wa mji ulio karibu zaidi walitwaa mtamba, wakashuka naye bondeni penye maji, wakanawa mikono na kutamka kwamba hawakuimwaga damu ile. Hawakuitwa wauaji. Hata hivyo hawakuruhusiwa kubaki nyumbani.

Huko Chicago, Marekani, wataalamu Clifford Shaw na Henry McKay nao walipima kwa namna yao. Walichukua kumbukumbu za mahakama ya watoto za kati ya mwaka 1900 na 1933, wakatia alama kwenye ramani mahali alipoishi kila kijana aliyeshtakiwa. Kitabu chao cha 1942 kilionyesha kwamba mitaa ile ile ya karibu na viwanda na katikati ya jiji, yenye umaskini na nyumba mbovu, iliendelea kuongoza kwa uhalifu wa vijana ingawa wakazi walibadilika. Wajerumani na Waairishi walihama, wakaja Wapolandi na Waitaliano. Na wale waliohamia mitaa yenye nafuu, uhalifu wa watoto wao ulipungua. (Tukumbuke hilo tunaposikia kwamba kabila fulani ni la wezi.)

Soma 1 Samweli 2:22–26, 3:13, na Ezekieli 18:20. Eli alikosea wapi katika malezi?

Hofni na Finehasi walikulia katika nyumba ya kuhani. Baba yao aliwaonya kwa maneno, hakuwazuia. Lakini Samweli alilelewa na Eli huyo huyo, naye akamcha Bwana. Baadaye wana wa Samweli wakala rushwa (1 Samweli 8:3), fungu ambalo huwa tunalipita haraka. Nyumba na mtaa vina nguvu kubwa, ila havimlazimishi mtu. Aliyeiba atajibu mwenyewe, ndivyo Ezekieli anavyofundisha. Wazee wa mji wana swali lao tofauti.

Maswali ya Kujadili

Pimeni kuanzia mlango wa kanisa lenu. Kijana wa mtaa huo akikamatwa kwa wizi juma hili, nani kati yenu angelijua jina lake? Jioni huwa anashinda wapi, na nani? Wazee wa kanisa wakinawa mikono, wangeweza kutamka nini kwa kweli?