Maelekezo ya Kusakinisha Programu: Yatafutwe Wapi?

Mnunuzi wa Mbinga au Mbamba Bay aliyeuziwa kompyuta iliyotumika, akaikuta ina Ubuntu badala ya Windows, asiharakishe kumlipa fundi kwa kila programu, wala asinakili amri asiyoielewa. Tunamshauri aanze na kompyuta yenyewe.

Tuchukue mfano wa VLC, programu ya kutazama video. Katika dirisha la amri aandike apt show vlc. Yatatokea maelezo ya programu, na kwenye mstari wa Homepage anwani ya waundaji wake. Huko ndiko maelekezo ya kuaminika yaliko. Kisha aandike sudo apt install vlc. Kabla ya kupakua, kompyuta itataja jumla ya megabaiti zinazohitajika na kusubiri jibu. Kifurushi cha intaneti kisipotosha, ajibu n, na hakuna kitakachopakuliwa.

Programu iliyoletwa kwenye flashi kama msimbo uliobanwa huwa na faili liitwalo README, aghalabu na jingine liitwalo INSTALL. Yasomwe kwanza. Neno sudo huipa amri mamlaka yote juu ya kompyuta, hata ya kufuta kila kitu.

Maelekezo mengi bado ni ya Kiingereza, ijapokuwa mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili tangu 2004. Kwa hiyo anayemlipa fundi ana haki ya kuelezwa kwa Kiswahili programu imetoka wapi, na kuandikiwa hivyo kwenye risiti.