Kiarabu cha wodini: somo kutoka Al-Safa

Wengi mmeniuliza mwaka wa mazoezi, huku wanauita imtiyaz, ukoje. Niko Al-Safa, Jeddah, hospitali sitaitaja. Usiku mmoja wa Ramadhani tulibaki wawili tu kitengo cha dharura, na mwenzangu akaitwa wodini. Manesi zamu ile ni Wafilipino na Wahindi, Kiarabu chao cha kazini tu. Mkalimani basi nikawa mimi!

Kiswahili kinasaidia, msidharau: dawa ni dawa, damu ni dam, sukari ni sukkar. Ila yapo maneno ya mtego. Harara kwetu ni vipele vya joto, kwao ni homa. La hatari zaidi ni "dhiq nafas". Ukisikia dhiki ya nafsi utampa mzee pole na kiti cha kusubiri, kumbe anasema pumzi zinambana. Huyo hasubiri foleni: mkalishe wima, mpime oksijeni kidoleni, msikilize mapafu, maswali mengine baadaye. Mzee wetu alikuwa na asilimia 84, maji yamejaa mapafuni. Alfajiri alikuwa anaongea.

Mnaokuja mwakani, anzeni daftari la maneno ya ugonjwa sasa hivi. Dokha ni kizunguzungu, maghas ni tumbo kusokota. Sarufi mtaikuta huku.